Pawamita ya Mguu Mmoja Ilinidanganya: Soma Kabla Hujanunua Yako

Leo sina video. Hii nimeamua kuiandika tu, kwa sababu kila wiki napata ujumbe ule ule: "Bro, ninunue pawamita gani?" Na kila wiki najibu kwa mistari miwili halafu naona haya, maana najua jibu langu halijakamilika. Jibu lenyewe lina mama yangu ndani yake, lina mguu wangu wa kushoto, na lina safari moja ya bara ambayo sikuenda. Kwa hivyo kaeni kitako.

Tuanze na wasiojua tunaongelea nini. Pawamita ni kifaa kinachopima nguvu unayoitia kwenye baiskeli, kwa wati. Si kasi, ni nguvu. Ndani yake kuna vipande vyembamba vilivyogandishwa kwenye chuma. Ukikanyaga, chuma hujikunja kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na vile vipande huhisi. Kifaa kinachukua ile nguvu ya kukanyaga, kinaizidisha na kasi ya mzunguko wa krenki, kinapata wati, kisha kinatuma namba kwenye simu au kompyuta ndogo iliyo kwenye usukani. Kitu hiki si kipya. Injinia Mjerumani, Ulrich Schoberer, alianza na SRM yake mwaka 1986, na kwa miaka mingi kilikuwa kitu cha maprofesheno tu. Sasa hata sisi wa Malindi na baiskeli zetu za mtumba tunaulizana.

Mtu wa pwani anakihitaji? Hapa ndipo nina maoni yangu, na najua kuna watakaokasirika. Mimi nasema sisi tunakihitaji kuliko watu wa bara, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni upepo. Toka Malindi hadi Kilifi ni kama kilomita 60, na barabara yenyewe ni tambarare. Mgeni akiiona anasema hii ni ya kuteleza. Mwambie aje mwezi wa saba, kusi imesimama. Ukitoka Malindi unaelekea Gede, upepo unakupiga uso na ubavu. Pale msitu wa Arabuko-Sokoke unapokukinga unapumua kidogo, halafu ukitokeza Matsangoni na Tezo unarudishiwa deni lote. Unakanyaga mpaka macho yanatoka, unaangalia kasi, kilomita 24 kwa saa. Wakati wa kurudi upepo uko mgongoni, umekaa tu kama bwana harusi, kasi 38. Sasa siku hiyo ulikuwa na nguvu au hukuwa nazo? Kasi haikwambii kitu. Wati zinakwambia.

Ya pili ni joto. Wengi wetu tulianza na mkanda wa mapigo ya moyo, na ni kitu kizuri, bei nafuu. Lakini nenda Machi, saa nne asubuhi, na huu unyevu wetu. Utaanza na mapigo 140, baada ya saa moja na nusu uko 160, na miguu inafanya kazi ile ile. Moyo unapeleka damu kwenye ngozi upate kupoa, na maji yanakuishia. Ukifuata moyo peke yake utajipunguzia kila siku ukidhani umechoka. Ukiwa na wati na moyo pamoja, unaelewa kinachoendelea.

Haya. Kwa hivyo mimi nilikitaka. Sasa sikilizeni nilivyokosea.

Mwaka 2021 boda boda ilinigonga. Nilivunjika mguu wa kushoto, chini ya goti, nikakaa na plasta wiki nyingi. Kupona nikapona, nikarudi kwenye baiskeli, sikuchechemea, nikasahau. Ukiniuliza wakati huo ningekwambia miguu yangu iko sawa kabisa. Hilo likumbukeni.

Nikawa naweka akiba. Nilipofika elfu kumi na nane, msee mmoja wa Nairobi akatangaza krenki ya kushoto yenye pawamita, imetumika, elfu ishirini na nane. Elfu kumi iliyobaki nilimuomba mama. Mama yangu ni fundi cherehani, na ile pesa ilikuwa zamu yake ya chama. Aliniuliza swali moja tu: "Hiki chuma kitakupeleka wapi?" Nikamwambia, "Mama, hiki kitanipeleka bara, kwa kocha." Akanipa. Hakuongeza neno.

Kwa nini krenki ya kushoto tu? Kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote. Inapima mguu wa kushoto, halafu inazidisha mara mbili. Basi. Inachukulia kwamba mguu wako wa kulia unafanya sawa na wa kushoto. Niliposoma hilo wala sikushtuka. Niliona wameandika usahihi wa asilimia 1, nikasema asilimia 1 ni nini bana, kwa mtu wa wati 200 ni wati 2.

Kitu kikafika kwa basi, fundi akakifunga, kikafanya kazi. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Wiki chache baadaye kocha mmoja wa bara, ambaye alikuwa anatafuta vijana wa kuwafanyia majaribio, akatuma masharti kwenye grupu letu. Kila mtu afanye jaribio la dakika 20, atume wastani wake wa wati na uzani wake. Ukichukua wastani ule ukazidisha na 0.95 unapata makadirio ya nguvu unayoweza kuishikilia kama saa moja. Ile ndiyo watu huita FTP. Unagawanya kwa kilo zako, unapata wati kwa kilo. Kocha alisema wazi: aliye chini ya 3.3 asijisumbue na nauli kwanza, afanye mazoezi, mwaka ujao upo.

Nikaenda barabara ya Sala Gate, alfajiri. Nilianza baada ya Ganda nikikanyaga kuelekea Kakuyuni, maana kule unaweza kumaliza dakika 20 bila tuta wala matatu kukusumbua sana. Nilitoa kila kitu. Nilipomaliza nilishuka nikakaa kando ya barabara, mama mmoja aliyebeba kuni akaniuliza kama naumwa. Nikaangalia namba: wastani wati 203.

Zidisha na 0.95, ni kama 193. Uzani wangu kilo 62. Wati 3.1 kwa kilo.

Nikarudia wiki iliyofuata. 201. Nikarudia tena. 204. Sikutuma kitu. Kwa grupu niliandika "mimi mwaka huu nina kazi nyingi." Mama aliponiuliza safari ya bara ni lini, nilimwambia, "Mama, sina mguu wa hiyo kazi." Akanyamaza, akaendelea kushona. Wenzangu wawili wakaenda. Mmoja kati yao, tukiwa Mambrui na kurudi, huwa tunapokezana mbele sawa kwa sawa, na kwenye daraja la Sabaki mimi ndiye humwacha. Nilikuwa naona hiyo kwa macho yangu. Lakini namba ilikuwa imesema, na mimi niliiamini namba kuliko macho.

Miezi ikapita. Siku moja mama ananipima suruali ya harusi ya binamu yangu. Ana futi yake ile ya kitambaa. Akapima paja la kulia, akaandika. Akapima la kushoto, akasita, akapima tena. Akasema, "Mwanangu, huu mguu umepungua." Nikamwambia mama, si ni futi imelegea. Akanitazama vile fundi anavyomtazama mteja mjuaji. Kulia sentimita 51, kushoto 49.

Nikamuuliza kwa nini amepima yote mawili. Mafundi wengi hupima upande mmoja tu wakamaliza. Akasema, "Nashona watu wa bandarini na wabeba mizigo. Ukimpima mbeba mizigo mkono mmoja, shati litamkataa."

Wallahi nilisimama pale na suruali imepinda magotini, sikuweza kusema kitu. Elfu kumi ya mama ilikuwa imenunua kifaa kinachopima mkono mmoja wa mbeba mizigo.

Kuna mzee mmoja wa Kitaliano anaishi Watamu, tunakutana naye barabarani asubuhi. Yeye ana pedali zenye pawamita, kushoto na kulia, kila moja inapima mguu wake. Ni za Favero, kampuni ya kwao Italia ambayo kabla ya pedali ilijulikana kwa mitambo ya kuhesabu pointi kwenye mchezo wa kupigana kwa vitara. Nikamweleza kisa changu. Akacheka, akasema, "Kesho njoo, chukua, jaribu." Akanipa na viatu vyake, vinanibana kidogo lakini si kitu.

Uzuri ni kwamba pedali na krenki vinaweza kufanya kazi pamoja kwenye baiskeli moja. Krenki nikaiunganisha na simu, pedali nikaziunganisha na kompyuta ya mzee. Barabara ile ile, alfajiri ile ile, dakika 20. Krenki ikasema 203, kama kawaida yake. Pedali zikasema 226. Na chini yake: kushoto asilimia 45, kulia asilimia 55.

Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 45 ya 226 ni kama 101.7. Zidisha mara mbili, 203. Yani krenki haikuwa mbovu! Ilipima mguu wa kushoto sawa kabisa, labda hata ndani ya ile asilimia 1 waliyoahidi. Ilichokosea ni kudhani ninao wawili wa namna hiyo. Wati 23 zilipotea hapo, asilimia 10 nzima.

226 mara 0.95 ni kama 215. Gawanya kwa 62. Wati 3.46 kwa kilo.

Majaribio ya kocha yalikuwa yamepita miezi minane.

Sasa sitaki mtu aandike hapa chini ati pawamita za upande mmoja ni takataka. Sivyo. Kama miguu yako inakaribiana, asilimia 49 kwa 51, utakosea wati chache na hazitakuua. Na kama unajilinganisha na wewe mwenyewe tu, leo na mwezi jana, hata namba iliyopotoka inaweza kukusaidia mradi ipotoke vile vile kila siku. Shida ni mbili. Moja, ukiichukua hiyo namba ukaipeleka kwa mtu mwingine, kama kocha, haikuwakilishi tena. Pili, tofauti ya miguu haikai mahali pamoja. Kwangu mimi nikichoka, kushoto kunazidi kulegea, kwa hivyo krenki inanionyesha nimeshuka kuliko nilivyoshuka kweli.

Basi, ukiniuliza leo "ninunue gani," nitakuuliza maswali kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: umewahi kuumia mguu, nyonga au mgongo? Kama ndiyo, usiguse ya upande mmoja kabla hujajipima. Nenda kwa fundi cherehani, mpe hamsini, akupime mapaja na ndama. Ruka kwa mguu mmoja mara ishirini, badilisha, sikiliza mwili. Halafu tafuta mtu akuazime pedali za pande mbili siku moja tu. Siku moja inatosha kukuokoa maelfu.

Swali la pili: una baiskeli ngapi, na unabadilisha mara ngapi? Pedali unazihamisha kwa spana na dakika tano. Krenki ya kushoto lazima iendane na ekseli yako na iwe na urefu sawa na wa kulia. Kama kulia ni milimita 172.5, kushoto pia 172.5, usidanganywe na muuzaji kwamba "ni karibu tu." Na uangalie nafasi kati ya krenki na fremu, kile kidude kinahitaji kama sentimita moja kisisuguane. Kuna pia zile za spaida, zinazokaa kati ya krenki na meno ya mbele. Zinapima nguvu ya miguu yote miwili kwa pamoja, jumla yake ni ya kuaminika, lakini haziwezi kutenganisha kikweli huu mguu na huu. Na kuna za habu ya tairi la nyuma, ila siku hizi ni nadra kupata mpya.

Swali la tatu: utaitunza vipi na hii chumvi yetu? Huku hewa yenyewe inakula chuma. Kifuniko cha betri cha krenki yangu kilianza kuota kutu ndani ya miezi mitano. Ukirudi, futa kwa maji baridi ya kawaida, kausha, angalia ule mpira wa kuzuia maji. Betri ya kidonge, CR2032, unaipata hata kwa fundi saa sokoni. Zile za kuchaji zinataka waya wake, ukipoteza waya umekwama.

Swali la nne: uko tayari kuisawazisha kila siku? Chuma hubadilika na joto. Ukitoka na baiskeli ndani ya nyumba ukaiweka juani, subiri dakika kumi, kisha uirudishe kwenye sifuri kabla hujaondoka. Ni kubonyeza tu kwenye simu. Mizani ya muuza samaki nayo huanza kwenye sifuri, la sivyo unalipia hewa.

Swali la tano, na hili ndilo la mwisho kwa makusudi: una pesa ngapi? Krenki ya upande mmoja mpya ni kama dola 250 hadi 400. Pedali za pande mbili ni dola 500 hadi 800 hivi. Hiyo ni elfu sitini na kitu hadi laki moja, na hapo hujalipa usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kama hiyo pesa ni karo ya mtu au kodi ya nyumba, achana nayo. Kwa kweli. Tafuta kipande cha barabara, kipite siku ya upepo mtulivu, andika muda wako kwenye daftari. Mabingwa wengi walishinda kabla hiki kitu hakijazaliwa.

Kuna kitu kingine cha watu wa pwani. Tukiona namba za watu wa bara, tunajidharau. Jueni kwamba namba haziko mahali pamoja. Iten iko mita kama 2,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mtu yule yule anatoa wati chache kule kuliko hapa usawa wa bahari. Na msijipime na Chris Froome, kijana aliyezaliwa Nairobi akafundwa na David Kinjah, akashinda Tour de France mara nne. Alipopimwa maabara mwaka 2015 alikuwa na wati 419 na kilo kama 70. Hiyo ni 6 kwa kilo. Ukijiweka kando yake utauza baiskeli ununue kuku.

Mimi niko wapi sasa? Ile krenki niliiuza kwa elfu ishirini na mbili, na nilimwambia mnunuzi kisa chote kabla hajatoa pesa. Akajipima, miguu yake ni 50 kwa 50, akachukua akiwa na furaha. Pesa ya kwanza iliyotoka hapo ilikuwa elfu kumi ya mama. Aliihesabu, akaiweka kwenye kopo la vifungo. Pedali bado sijanunua, naweka akiba. Mara moja kwa mwezi mzee wa Watamu ananiazima zake, nami namuoshea baiskeli. Kila jioni nafanya squati za mguu mmoja nyuma ya nyumba, kushoto mara mbili ya kulia. Mwezi uliopita pedali zilisema 47 kwa 53. Futi ya mama inasema sentimita 50 kwa 51.

Na kwa kocha nimeandika. Sikumlaumu, yeye aliuliza namba na mimi ndiye niliyejikata mwenyewe bila hata kumwambia kwamba mguu wangu uliwahi kuvunjika. Pengine angeniambia njoo tu tukuone. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko wati 23. Amejibu kwamba majaribio yapo tena, nitume namba. Nimetuma za miguu yote miwili.

Haya, niambieni: kuna yeyote hapa aliyewahi kupima miguu yake akakuta tofauti? Na wenye pedali za pande mbili Kilifi, Mtwapa, Mombasa, tafadhali jitokezeni. Kuna kijana mahali anakaribia kununua ya mguu mmoja leo usiku. Muazimeni siku moja.